Waliokula Makande ya Mama

Nikisema kwamba mama yangu alimshtaki barazani mwanawe wa kumzaa, watu hushika midomo. Wengine hunitazama kwa huruma, utadhani nimetaja msiba. Huruma yao waipeleke kwingine. Kwa jambo hilo mimi natembea kifua mbele, na ukinikuta Myamba siku ya gulio nitakusimulia hata kama hukuniuliza. Mama yangu alikuwa mjane, mzee, hajui a wala be, magoti yamekwisha kumsaliti, na alishinda kesi ambayo wanaume wenye meno yote kinywani wasingethubutu kuifungua.

Nianze na maji, maana kwetu milimani ugomvi wowote ukiufuata hadi ulikoanzia utakuta maji. Juu ya kijiji kuna ndiva, bwawa la mawe na udongo lililojengwa na mababu ambao majina yao hakuna ayajuaye. Maji ya kijito hujikusanya humo, asubuhi yanafunguliwa, yanashuka kwa mfereji hadi mashambani. Hayaendi kwa kila mtu kwa pamoja. Yanakwenda kwa zamu, leo huyu, kesho yule. Mwenye zamu anavuna mahindi na maharage hata mvua zikigoma. Asiye na zamu kazi yake ni kutazama mawingu.

Zamu hiyo ilitokana na jasho. Mfereji ukiziba, au ukuta wa ndiva ukipasuka, baragumu lilipigwa na kila mwenye shamba alitoka na jembe kwenda kwenye msaragambo, yaani kazi ya wote. Ukijificha nyumbani bila sababu, zamu yako inakatwa. Hakuna cha undugu wala urafiki.

Sasa mzee asiyeweza tena kuinua jembe afanyeje? Wazee wetu hawakuwa wajinga. Walisema aliyeishiwa mifupa na apike. Mjane au mzee aliyechoka alipika chungu cha makande, akakipeleka mferejini, watu wakala wakashiba, na chungu hicho kikahesabiwa kuwa jembe lake. Zamu yake ikabaki palepale mpaka siku ya kufukiwa. Jambo hilo halikuandikwa popote. Lilijulikana tu, kama inavyojulikana kwamba mtoto haanzi kula kabla ya mkubwa.

Basi mama yangu alipika. Baba alikuwa amefariki, na mimi ndiye nilikuwa kitinda mimba, binti mkubwa tayari, nimeshachumbiwa na kijana wa Gonja ambaye nilimwambia asubiri, na alisubiri. Kazi yangu ilikuwa kuni, maji na kubeba. Kupika hakuniachia. Alikoboa mahindi mwenyewe, akachagua maharage moja moja, akatia magadi yaliyoletwa na watu wa tambarare, akakaa na chungu chake tangu jioni mpaka mahindi yapasuke. Asubuhi nilikitwika kichwani juu ya kata ya majani ya mgomba, naye akanifuata na fimbo yake hadi mferejini. Huko alikaa juu ya jiwe na upawa wake wa mti, akampakulia kila mmoja kwa mkono wake. Hakumruka mtu. Alijua nani anapenda ukoko, nani haelewani na maharage, nani ataomba tena akijifanya hakula.

Nimtaje sasa kaka yangu, na naomba jambo moja lieleweke mapema: sikumchukia. Alikuwa ndiye kaka pekee aliyenusurika utotoni, na alinizidi umri kiasi cha kuweza kunizaa. Ndiye aliyenifundisha herufi za kwanza, akizichora kwa kijiti kwenye majivu ya jikoni, kabla sijaenda shule ya misheni. Alipokua alishuka tambarare kufanya kazi kwenye mkonge, akawa mnyapara, akajenga nyumba Same karibu na stesheni, akaoa huko. Alipokuwa akipanda kwetu likizoni alivaa viatu, na watoto walimfuata nyuma ili waone nyayo zake mavumbini. Tulijivunia viatu vile. Hata mama alijivunia.

Halafu ikaingia kahawa. Watu wa Ugweno walikuwa wamepanda, na habari zao zilitufikia kila siku, zimeongezwa chumvi. Kaka akaacha mkonge, akapanda mlimani na miche ya kahawa, akaiotesha kwenye kishamba chake kilichopakana na shamba la mama. Kishamba chenyewe kilikuwa kidogo. Shamba la mama lilikuwa pana, jeusi, karibu na mfereji. Sikuhitaji kuwa nabii kujua macho yake yanatazama wapi.

Hakuanza kwa ubaya. Alikuja siku moja, akamwamkia mama kwa adabu zote, akakaa kwenye kigoda. Alimwambia amechoka, amelima vya kutosha maisha yake yote, sasa ashuke Same akakae kwake, ale na kulala, aogeshwe na wajukuu. Majirani waliposikia walisema, lo, mtoto mwema huyu, angalieni anavyomtunza mamaye. Nami mjinga nikakaribia kuamini.

Mama alikuwa ameiona Same. Alishuka mara moja kumwona mjukuu wake wa kwanza, akarudi na midomo imepasuka. Same haina ubaya kwa wenye Same, lakini kumchukua mzee wa milimani, aliyezoea ukungu na kivuli cha migomba, ukamketishe kwenye lile jua na vumbi lile, ni kumwanika kama kisamvu. Alimshukuru kaka. Kisha akamwambia kwamba akifa watampeleka wapendako, lakini kwa sasa bado yupo.

Kaka akaondoka akitabasamu. Nami nikasema hadharani kwamba tabasamu lile silipendi, mama akanikemea.

Miaka ile Mwingereza alitaka kila kitu kiandikwe. Ng'ombe waandikwe, wenye kodi waandikwe, na hatimaye mifereji nayo iandikwe. Karani wa baraza la mfumwa, yaani chifu wetu, akaletwa na daftari refu lenye mistari iliyokwisha kuchorwa kutoka juu hadi chini. Mstari wa kwanza uliandikwa Jina, wa pili Jembe. Akahitaji mtu anayejua kusoma na anayewajua wenye mashamba ili amsaidie kuita. Nani tena kama si kaka? Akasimama pembeni ya karani na viatu vyake, akaita shamba kwa shamba. Ilipofika zamu ya mama, karani akauliza nani aliyelima mfereji kwa shamba hilo. Hapakuwa na mstari wa chungu. Kaka akasema ni yeye aliyelima, na mama sasa yuko chini yake, shamba la mama na lake ni moja. Karani akaandika.

Kwa kuwa mtu mmoja hawezi kuwa na zamu mbili, zamu ya mama ikavunjwa. Nusu kaka aliipeleka kwenye kahawa yake. Nusu nyingine wakagawana wenye mfereji wote, kila mmoja kidogo kidogo. Hapo ndipo pana akili, au tuseme ujanja, kwa sababu tangu siku hiyo kila mtu mferejini alikuwa na tone la maji ya mama yangu shambani mwake.

Sisi tulijua siku ya zamu ilipofika na maji yakapita. Yalipita mbele ya mlango wa shamba letu, mlango umezibwa kwa udongo na majani, yakaenda kwenye miche ya kaka. Mahindi yetu yalikuwa yanaanza kutoa mbelewele. Maji ya nusu zamu, hata ya robo zamu, hayakuingia. Na hatari haikuwa mahindi tu. Kwetu shamba lisilo na zamu ni shamba mfu; likilala misimu miwili, ukoo hulitoa kwa mwenye maji. Kaka hakuhitaji kumfukuza mama. Alihitaji kusubiri tu, jua limfanyie kazi.

Mimi nina hasira, sifichi, na siku ile zilinipanda. Nilichukua jembe niende nikabomoe ule udongo, na kama kaka angetokea, Mungu anisamehe, nisingemwuliza hali. Nilikuwa nimeshafika kwenye migomba mama aliponiita.

"Ukifungua kwa jembe, wewe ndiye utakayekuwa mwizi," aliniambia. "Rudi ukae. Tutafungua kwa mdomo."

Ndipo kijiji kikapata la kusema. Mama anamshtaki mwana! Wanawake walikuja kumbembeleza, amwonee mwanawe huruma, naye akawajibu kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye, na ndiyo kwanza anaacha kumchelea. Mwinjilisti wa kanisa letu alikuja na Biblia akamshauri asamehe. Mama alimwambia amekwisha kusamehe siku nyingi, sasa anataka maji. Mzee wa ukoo alimwuliza kwa ukali anawezaje kumshtaki mwanawe. Alijibu kwamba hajamshtaki mwanawe, amemshtaki mtu aliyechukua maji yake, na kama watu hao wawili ni mmoja, si yeye aliyewaunganisha.

Baraza la kwanza tulishindwa. Nasema wazi, tulishindwa, na lilikuwa jambo la muda mfupi. Kaka alizungumza vizuri, taratibu, kama mtu anayemwonea mamaye huruma. Karani akafungua daftari akasoma. Jina la mama halikuwamo. Mfumwa alikuwa mtu mpole, hakumdhihaki, alimwambia tu kwamba karatasi haimjui, na yeye hawezi kuhukumu kinyume cha karatasi iliyotakiwa na serikali. Wenye mfereji walikuwapo wengi. Niliwatazama mmoja mmoja, watu niliowabebea chungu kwa shingo yangu hii, wakatazama chini kama wanatafuta sindano.

Tulipokuwa tukirudi nilidhani mama atalia. Aliniuliza tu kama najua njia fupi ya kwenda Same, kwa Bwana Shauri, yule mzungu wa serikali aliye juu ya mfumwa.

Kijana mwenye miguu mizima hutembea njia ile akalalamika. Mama aliitembea kwa siku tatu, fimbo mkono mmoja, mkono mwingine begani mwangu. Kwenye mteremko alishuka kinyumenyume, kwa sababu magoti yalimuuma akishuka kwa mbele. Tulilala kwa watu wa ukoo, na popote tulipolala aliulizwa anakwenda wapi, akasema bila kuficha anakwenda kukata rufaa. Kwenye kikapu alibeba kanga moja, viazi vya kuchemsha na ule upawa wake. Nilimwuliza upawa wa nini safarini. Alisema wenzake walipeleka majembe yao kwenye daftari, naye anapeleka lake.

Na unajua tulifikia wapi Same? Kwa kaka! Mimi niligoma, nikasema heri nilale stesheni na mbuzi. Mama akasema yeye ana mtoto Same, hawezi kulala stesheni kama asiye na mtu. Kaka mwenyewe alikuwa mlimani kwenye miche yake. Wifi yangu alitupokea, akamwamkia mama akipiga magoti, akamchemshia maji ya kukanda miguu, akatuachia kitanda chake. Alijua tulichofuata. Hakusema neno la kututetea wala la kumtetea mumewe, lakini kila asubuhi alituamsha mapema ili tusichelewe bomani. Fadhila ile sijaisahau.

Bomani tulikaa barazani siku tatu. Tarishi alituambia turudi kesho, na kesho yake akatuambia hivyohivyo. Siku ya tatu mama alimwambia yule tarishi, tena kwa upole, kwamba yeye ni mzee na kesho zake zimebaki chache, asizitumie ovyo. Tulipitishwa kabla ya adhuhuri.

Bwana Shauri alikuwa kijana, masikio yameungua kwa jua. Mkalimani alisimama katikati. Mama alieleza yote kwa Chasu, lugha yetu, akitoa upawa kikapuni pale ulipohitajika, na yule mzungu alikodoa macho hadi mkalimani akamfafanulia. Bwana Shauri akasema mila za Wapare ni za Wapare na yeye hatahukumu kesi ya makande. Mama akamwambia mkalimani amweleze kwamba hakuja kuomba apewe maji na mzungu. Amekuja kuomba kitu kimoja, kwamba waliokula wasikilizwe kama lilivyosikilizwa daftari.

Bwana Shauri akachukua kalamu. Barua aliyotupatia ilikuwa fupi. Niliisoma mwenyewe njiani, nikaisoma tena na tena, mama akinitaka nirudie. Ilimtaka mfumwa asikilize shauri upya, na aulize mashahidi juu ya desturi, siyo daftari peke yake.

Siku ya baraza la pili watu walijaa mpaka nje. Wenye mfereji wote walikuja, maana kila mmoja alijua ana lake la kupoteza. Mama akishinda, kila mmoja atarudisha lile tone. Kaka alikaa mbele, viatu vimepakwa mafuta. Mfumwa akasoma barua, akamwambia mama aite mashahidi wake. Mama akasimama kwa msaada wa fimbo. Hakutaja jina la mtu. Aliinua ule upawa juu, watu wote wauone.

"Nani hapa alikula makande yangu?"

Wakatazama chini tena. Mtu mmoja akakohoa, akajuta kukohoa. Shukrani ya punda ni mateke, nilisema moyoni, na nilikuwa karibu kuisema kwa sauti.

Aliyeinuka alikuwa mtu ambaye sikumtegemea hata kidogo. Palikuwa na bwana mmoja kijijini, mvivu asiye na mfano, aliyekuwa akitaniwa kwamba jembe lake halijawahi kuonja udongo. Huyo kwenye msaragambo alifika wakati chungu kinapotuliwa, si kabla. Alisimama, akajikuna kichwa, akasema yeye alikula. Alikula kila mara. Hata aliyekuwa kipofu kijijini anajua kwamba yeye huenda mferejini kwa ajili ya kula, na kama chungu kile si kazi, basi na yeye hajawahi kufanya kazi hata siku moja, kwa hiyo zamu yake nayo ifutwe.

Baraza zima likacheka, mfumwa naye akacheka akijifuta macho. Kicheko kile ndicho kilichovunja ukuta. Mama alianza kuwageukia mmoja mmoja, bila hasira, kama yuko palepale juu ya jiwe lake anapakua. Wewe uliniambia chumvi imezidi, nikakuombea radhi. Wewe hupendi maharage, nilikuchagulia mahindi matupu. Wewe ulimbebea mkeo kwenye jani, alikuwa mjamzito. Wewe uliunguza ulimi, ulikuwa na haraka. Kila aliyegeukiwa alisimama. Hakuna aliyebisha, angebishaje? Kwetu mtu anaweza kukana maneno yake, na wapo waliokana hata watoto wao, lakini chakula ulichokula hukikani. Ukikikana, hakuna mwanamke atakayekupakulia tena, hata msibani.

Mwishowe wote walikuwa wamesimama, isipokuwa mfumwa, karani na kaka. Hapo mama akamgeukia mwanawe. Sauti yake ilipungua, na mkono wenye upawa ulishuka.

"Na wewe, mwanangu. Ulikula?"

Kaka alitazama viatu vyake. Angeweza kusema mengi, alikuwa hodari wa maneno, na daftari lilikuwa limefunguliwa kwenye ukurasa wenye jina lake. Alikuwa amekula, tena mama siku zote alimwekea ukoko, kwa sababu tangu mtoto aliupenda. Akasimama polepole.

"Nilikula, mama."

Akabaki amesimama, na sikuwahi kumwona mtu mzima mwenye uso kama ule. Nilikuwa nimengoja siku ile kwa miezi, nikijua nitafurahi akiumbuka. Haikuwa hivyo. Nilitaka mtu amwambie akae.

Mfumwa aliteta na wazee wake kwa muda mfupi tu, kisha akatoa hukumu. Alisema chungu ni jembe, kama kilivyokuwa kabla daftari halijazaliwa. Alisema zamu ya mama irudi nzima, na kila aliyepata tone lake alirudishe. Na shamba, akasema huku akimtazama kaka, litabaki la mama mpaka afe, akae humo, alime au alimiwe, wala asihamishwe bila hiari yake, kwa kuwa aliye hai harithiwi. Maneno hayo matatu ya mwisho watu waliyarudia wakitoka nje, na mpaka leo kijijini kwetu mtoto akianza kupima shamba la mzazi wake kwa macho, kuna mtu atamwambia: aliye hai harithiwi.

Karani akachukua rula, akachora mstari wa tatu pembeni ya ile miwili. Mama hakuridhika kuambiwa. Alisogea hadi mezani, akaniita, akataka nimsomee kwa kidole. Nilimsomea jina lake. Kisha nikamsomea neno lililoandikwa juu ya ule mstari mpya, Chungu, kwa herufi zilezile nilizofundishwa na kaka kwenye majivu. Mama aliligusa lile neno. Wino ulikuwa haujakauka, ukamwachia alama kwenye kidole, naye hakuifuta mpaka tulipofika nyumbani.

Haikuwa zamu yake tu. Wazee wengine wa mfereji ule, wajane na wanaume walioishiwa macho, waliandikwa chini yake kwenye mstari huohuo juma lilelile. Na mifereji ya jirani nayo ikawataka makarani wao wachore mstari wa tatu. Ndiyo maana nikakuambia natembea kifua mbele. Wapo waliosoma sana wakatunga sheria. Mama yangu alitunga ya kwake kwa upawa.

Kaka alishuka Same bila kuaga. Msimu mzima hatukumwona. Miche yake niliimwagilia mimi, kwa amri ya mama, nikinung'unika kila ndoo. Mama hakumtaja jina, ila kila mpita njia aliyetoka tambarare alipewa maji ya kunywa na kuulizwa habari za Same, mvua za huko, na watu wa huko kwa jumla. Mchumba wangu naye alituma ujumbe akiuliza kama kesi imekwisha. Nilimjibu kwamba imekwisha, ila mama bado.

Kisha mvua kubwa ikaupasua ukuta wa ndiva, na baragumu likapigwa. Mama akapika. Asubuhi nilikitwika chungu, yeye nyuma na fimbo yake, tukaanza kupanda. Pale njia inapokuwa kali, karibu kabisa na ndiva, alikuwa amesimama kaka, miguu mitupu, jembe begani. Matope yalimfika magotini, kwa hiyo alikuwa amekwisha kufanya kazi.

"Shikamoo, mama."

Mama alimtazama, akaitikia marahaba. Kaka aliniwekea jembe lake mikononi, akakitua chungu kutoka kichwani kwangu, akachukua na ile kata, akaiweka kichwani kwake, akajitwika. Mwanamume mzima, mnyapara wa jana, na chungu cha makande kichwani, anakwenda nacho mbele ya wanaume wenzake waliojipanga ukutani na majembe. Jambo hilo kwetu halikuwahi kuonekana. Yule bwana mvivu alikwisha kufungua kinywa atie utani, akamwona mama, akakifunga.

Kaka alipiga hatua ya kwanza na chungu kikayumba. Mama alikuwa nyuma yake, anahema, mkono begani mwangu.

"Shika kwa mikono miwili," alimwambia. "Hilo ndilo jembe langu."

Akalishika kwa mikono miwili.